Baiskeli ya Lami kwenye Njia ya Majaruba

Katika mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu nilikuwa na swali moja la utafiti, mbao tatu za kupimia kina cha maji, na mwili uliokataa kupanda pikipiki. Vitu hivyo vitatu havikuweza kukaa pamoja.

Mbao zenyewe zilisimama katika kijito kinachoshuka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia bondeni upande wa Mngeta. Wa kwanza ulikuwa chini ya daraja la barabara. Wa pili ulikuwa katikati ya majaruba ya mpunga. Wa tatu, ambao katika daftari langu niliuita kwa ufupi "ubao wa juu", ulikuwa pale kijito kinapotoka msituni, mwisho wa njia ya miguu ambayo gari haliwezi kuifuata. Nilitaka kujua jambo hili: maji ya kwanza ya msimu, yale yanayoshuka baada ya miezi ya ukame, huchukua muda gani kutoka mlimani hadi kwenye mashamba ya watu? Mbao mbili za chini zilikuwa na vifaa vinavyojiandikia vyenyewe. Kifaa cha ubao wa juu kilibebwa na maji msimu uliotangulia, na fedha ya kununua kingine haikuwapo. Ilibidi awepo mtu, mwenye saa na kalamu, siku hiyo na wakati huo hasa.

Ningeweza kumtuma mwingine, na nilijaribu. Dereva mmoja wa bodaboda alikubali kwenda kukaa huko mawingu yakitanda. Alikaa nusu saa, akarudi na taarifa kamili: "Maji yapo, dada. Si mengi, si machache."

Ajali iliyonifanya niikatae pikipiki, ukiilinganisha na ajali nyingine, ilikuwa ndogo. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye kokoto karibu na reli. Dereva akavunjika mtulinga, mimi nikachubuka kiwiko. Dereva alirudi kazini baada ya majuma kadhaa. Mimi sikurudi. Kila nilipoikaribia pikipiki na kusikia injini ikitetema, magoti yangu yaliganda, na akili yangu, ambayo ina tabia ya kutafuta sababu hata pale ambapo hofu imekwisha kujieleza, ilianza kukokotoa pembe ya mteremko, ukubwa wa kokoto, uzito wa dereva. Niliona aibu kwamba aliyeumia amepona na asiyeumia bado anaumwa.

Msimamizi wangu wa masomo, mtu mpole ambaye upole wake huniogopesha kuliko ukali wa wengine, alinipigia simu mwanzoni mwa Novemba.

"Sikulaumu, binti yangu," alisema. "Lakini mvua haisubiri mtu apone. Maji ya kwanza yakishuka bila mtu kuwa kwenye ubao wa juu, tutauondoa. Tutatafuta swali jingine."

Nilimwelewa. Swali jingine lilikuwa na maana ya mwaka mwingine, na nguvu ya mwaka mwingine sikuwa nayo.

Baiskeli niliikuta stoo kwa mama mwenye nyumba niliyopanga Kibaoni, hapo Ifakara mjini. Iliachwa na mpangaji wa zamani, msafiri aliyekuwa akizunguka nchi kwa baiskeli hadi malaria ilipomkatiza.

"Alisema atarudi," mama mwenye nyumba aliniambia. "Lakini hata mimi nilisema nitapungua mwili. Ichukue, mwanangu, inanizibia nafasi ya mchele."

Ilikuwa baiskeli ya safari ndefu: fremu ya chuma chembamba chenye nguvu, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, keria za mizigo mbele na nyuma, madigadi, gia za kutosha kumpandisha mtu mlima na mzigo wake, na matairi membamba, laini. Ilikuwa imetengenezwa iweze karibu kila kitu: kwenda kazini, kuvuka mikoa, kubeba hema na sufuria. Nililitafakari neno "karibu" kwa siku tatu, kisha nikaipeleka kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa na kijiwe chake mbele ya duka la nafaka. Alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni, na tangu siku ya kwanza aliniita dokta kwa sauti ambayo sikuweza kuamua kama ni heshima au kejeli.

"Hii ni ya lami," akatamka, akizungusha gurudumu la mbele kwa kidole.

"Ndiyo. Nataka iweze njia ya porini. Nimeandika mabadiliko saba."

"Saba!" Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri kiraka. "Umesikia? Wewe una tundu moja unapiga kelele. Mwenzako ana saba, na ameyaandika."

Mabadiliko sita aliyakubali bila ubishi, na mengine aliyaboresha. Aliutoa usukani uliojikunja akaweka ulionyooka, mpana, wa baiskeli ya mizigo, ili mikono yangu itanuke na mizizi isininyang'anye gurudumu. Alivua keria ya mbele. Ya nyuma aliichomelea nondo mbili, ingawa nilimwambia kwamba nitabeba daftari na chupa tu. "Bonde hili," alisema, "hujui utabeba nini." Aliondoa madigadi, akashusha kiti, akatafuta gia ya mbele yenye meno machache kuliko zote alizokuwa nazo kwenye kopo lake la vyuma.

Tulikwama kwenye badiliko la saba, matairi. Nilikuwa nimeagiza Dar es Salaam matairi yenye meno, mapana kadiri fremu ilivyoruhusu. Nilipima kwa rula ya chuma: kati ya tairi la nyuma na fremu zilibaki milimita nne kila upande. Fundi hakutumia rula. Alijaribu kupitisha kidole chake kidogo katika nafasi ile, kikakwama kwenye kucha.

"Kidole hakipiti, dokta."

"Tairi linazunguka bila kugusa."

"Hapa, ndiyo. Hapa pana vumbi."

"Milimita nne zinatosha, kaka."

"Zinakutosha wewe. Tope halijasoma."

Nilisisitiza. Siku mbili baadaye ilinyesha mvua fupi ya kupitia, nikaenda kuijaribu baiskeli kwenye majaruba ya nyuma ya Kibaoni. Udongo mweusi wa mashamba yetu haukomei kulishika tairi; hujenga. Unaweka tabaka, na juu ya tabaka unaweka nyasi, na juu ya nyasi tabaka jingine, kama mtu anayekandika nyumba. Nilihesabu mizunguko. Katika mzunguko wa kumi na tisa tairi la nyuma lilisimama kabisa, limezibwa kati ya vyuma vya fremu kama kizibo katika chupa. Niliibeba baiskeli begani hadi kijiweni. Fundi hakunicheka. Alifanya jambo baya zaidi: alimwita mwenye duka atoke ndani aje acheke kwa niaba yake.

Kisha akaanza kazi ambayo mpaka sasa naikumbuka kama watu wengine wanavyokumbuka ibada. Alilisafisha tairi lile la nyuma, akalilaza kwenye paja, akapasha kisu moto kwenye jiko la mkaa la jirani yake muuza chapati, na akaanza kukata meno ya pembeni, moja baada ya jingine, pande zote mbili. Ya katikati, yanayosukuma, aliyaacha. La mbele hakuligusa, kwa sababu uma wa mbele ulikuwa na nafasi ya kutosha, na tairi pana mbele, alisema, ndilo linalotafuta njia. La nyuma linafuata tu, na anayefuata hana haja ya kifua kipana. Nilikaa juu ya kopo la rangi nikitazama. Hakupima hata mara moja. Kila jino lilikatika palepale lilipokatikia lililotangulia. Nilitoa rula nikapima moja, kisha la tano, kisha la kumi na mbili, halafu nikaona haya, nikairudisha rula mfukoni.

Alipolirudisha tairi mahali pake alipitisha kidole kidogo kati yake na fremu, kikaenda na kurudi bila kugusa popote.

"Tope linataka mlango wa kutokea," alisema. "Kama mgeni. Ukilifungia ndani litalala kwako."

Nilipakia baiskeli juu ya basi, nikapanga chumba katika kijiji karibu na Mngeta, nikaanza kungoja wingu. Kwa siku tisa nilijizoeza kwenda na kurudi katika njia ya ubao wa juu. Baiskeli ilikuwa imebadilika, mimi bado. Kila penye mzizi nilibana breki. Kila penye jiwe nilishuka, nikalitazama jiwe, nikaamua, nikapanda tena. Njia ambayo wenyeji waliipita kwa saa moja na nusu ilinichukua saa tatu, na nyumbani niliandika sababu za kila kusimama, kana kwamba sababu zingenisukuma.

Siku ya kumi niliamka nikaona mlima haupo. Palipokuwa na ukuta wa Udzungwa kulikuwa na wingu la rangi ya masizi, na huku bondeni anga ilikuwa safi, jua likiwaangazia yangeyange weupe juu ya majaruba. Mvua ilikuwa inanyesha juu tayari. Niliondoka saa kumi na mbili na robo.

Njia, baada ya nyumba za mwisho, ni tuta jembamba kati ya majaruba, lenye upana wa baiskeli moja na nia njema. Nilikuwa nimekwenda saa moja hivi nilipomwona baba mmoja akinijia, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mpunga, akielekea kwenye mashine ya kukoboa. Alikuwa wa umri wa baba yangu. Alitembea kando ya baiskeli, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye fimbo iliyofungwa wima nyuma ya kiti, na magunia yalimpita kimo. Kati yetu palikuwa na mfereji na daraja la magogo mawili. Alishaanza kulivuka.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa nyumbani. Nilishuka. Nilisogea kwenye nyasi nikamwachia njia yote. Niliinamisha kichwa, na alipofika katikati ya magogo nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, maana hakuna mtu wa rika lake upande ule anayeweza kuiacha shikamoo ianguke chini; na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu kamili, aliinua mkono wa kulia. Fimbo ikabaki peke yake. Magunia yaliinama polepole, kama watu wanaosalimiana, na la juu likatumbukia mferejini. Lililobaki aliliwahi kwa bega.

Alilitazama gunia majini. Akanitazama.

"Umeniamkia vizuri sana," alisema. "Umeniamkia mpaka mpunga umekwenda kuoga."

"Nisamehe, baba. Nilidhani..."

"Mwenyeji wa wapi wewe?"

"Nimekulia Morogoro mjini."

"Morogoro mjini hamna mizigo?"

"Ipo, baba."

"Basi mnaishi vibaya." Alikuwa akitweta, na sikujua kama anacheka. "Huku mwenye mzigo haamkiwi. Anasukumwa. Salamu inangoja ng'ambo."

Tulilitoa gunia. Nililivuta kwa mikono miwili, maji yakiwa kifuani, naye akilisukuma kutoka chini kwa goti. Likiwa limelowa lilikuwa zito mara mbili, na ilikuwa wazi kwamba baiskeli yake haiwezi kulibeba juu ya lile lingine. Nilitazama mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye msitu. Nilifanya hesabu, kwa sababu siwezi kutofanya: nikiondoka mara ile nitawahi kwa hakika, nikirudi naye hadi nyumba ya kwanza kuanika mpunga, nitapoteza saa nzima au zaidi, na maji ya msimu mzima yanaweza kupita katika saa hiyo. Mpunga ulio na ganda hauharibiki kwa kutumbukia; huharibika ukilala na maji. Ningeweza kumwambia hivyo kisha nikaenda zangu. Lingekuwa neno la kweli, na ningebaki nalo maisha yangu yote.

Tulilifunga gunia kwenye keria yangu kwa ukanda wa mpira wa ndani. Zile nondo mbili hazikulia hata kidogo. Nilisukuma nikiwa nyuma yake, mkono mmoja kwenye usukani wangu na mwingine kwenye gunia lake kila alipofika penye kimwinuko, na hatukusemezana. Kwenye nyumba ya kwanza penye uwanja mkavu tuliazima turubai, tukamwaga mpunga, tukautandaza kwa viganja.

"Wewe ulikuwa unawahi wapi?" akaniuliza hapo, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

"Kwenye maji, baba. Nayapima. Ya kwanza yanashuka leo, na nisipokuwepo nimepoteza mwaka."

Akautazama mlima. "Yanashuka leo kweli." Kisha akanitazama nikiwa nimepiga magoti kwenye turubai lake. "Na umekaa hapa unanitandazia mpunga! Nenda! Nenda, wala usiniage!"

Nilikwenda. Nilivuka magogo yale mawili nikiwa juu ya kiti, jambo ambalo kwa siku tisa sikuwahi kulifanya, na nililigundua baada ya kufika ng'ambo. Tope la kingo za mfereji lilipanda na tairi la nyuma, likazunguka nalo nusu mzunguko, likadondoka. Nililisikia likidondoka, vipande vizito, mara kwa mara, nyuma yangu. Sikugeuka.

Palipoishia majaruba njia iliinuka ghafla: mizizi, mawe ya ngazi, majani yaliyooza. Nilishuka hadi gia ndogo kuliko zote. Katikati ya mwinuko mapaja yangu yalikwisha. Gurudumu la mbele liliyumba, nikajua nitasimama, na nikisimama pale sitaondoka tena. Ndipo baiskeli ikawa nyepesi.

Haikuwa nyepesi kidogo. Uzito wangu wote ulikuwa umechukuliwa na mtu mwingine. Nilisikia nyayo zikipiga udongo nyuma yangu, na pumzi, na harufu ya moshi wa jikoni kwenye nguo. Hakuna neno lililosemwa. Nilikanyaga, na anayenisukuma akanisukuma, juu ya jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mpaka njia ikawa tambarare.

"Haya," ikasema sauti ya kike. "Sasa, umeamkaje?"

Alikuwa mama wa makamo, jembe begani, kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuona tangu kule chini. Ulivyojikunja, nikasema huyu kabeba gunia."

"Sijabeba kitu, mama. Daftari tu."

"Ungejiona mgongo!" Akacheka, akakata kushoto kwenda kwenye migomba yake, na migomba ikamfunika kabla sijapata neno la kumshukuru. Baadaye nilijaribu kukadiria nguvu ya mkono ule, uzito mara mwinuko mara umbali, nikapata namba. Ni namba sahihi, na haielezi chochote.

Nilifika kwenye ubao wa juu saa tano kasoro dakika nane. Kijito kilikuwa kimya. Maji yalikuwa maangavu, sentimita kumi na nne, na hilo halikunipa uhakika, kwa sababu kijito kilichokwisha kupitiwa na maji makubwa nacho huweza kutulia. Niliinama karibu. Juu ya alama ya kumi na nne ubao ulikuwa na vumbi kavu. Kati ya ubao na mwamba palikuwa na utando wa buibui, mzima, buibui mwenyewe yumo katikati. Hayajapita, niliandika.

Nilisimama kwenye jiwe pana la ukingoni na saa mkononi. Ndege walinyamaza kwanza. Kisha ukaja upepo wa baridi kutoka kwenye korongo, wenye harufu ya udongo uliolowa, ingawa nilipokuwa halijadondoka tone. Kisha jani moja, likielea. Kisha majani mengi, yamekusanyika kama zulia. Maji yakapanda hadi kumi na tisa bila sauti yoyote, na utando ukaondoka.

Sauti ilifuata. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeandika "wimbi la kwanza" katika milinganyo, kwa herufi ndogo ya mlazo, na sikuwa nimejua kwamba linasikika miguuni kabla ya masikioni. Lilipozunguka mwamba lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na halikuwa maji tu: lilikuwa msitu wa mwaka mzima, majani makavu ya miezi yote, vijiti, jongoo waliojikunja, gogo refu kuliko mimi likigeuka taratibu, povu, na mbegu ambazo sizijui. Yote yalipita mbele yangu kwa umakini wa ajabu, kila kimoja kikijua mahali pake. Thelathini na moja. Niliandika saa. Arobaini na nane. Niliandika saa. Nilikuwa nalia, nadhani, au ni matone ya maji yaliyoruka, sikuandika hilo.

Sabini na mbili. Jiwe nililosimamia likalowa, kisha likaanza kufunikwa. Niligeuka, nikaipandisha baiskeli hatua kumi juu ya ukingo, nikaiegemeza kwenye mti, nikarudi chini hatua saba, hadi pale maji yalipokuwa yamefika, nikasoma tena.